UZI: Chembe nyeupe zimejaa kwenye damu, mbona hazifiki kwenye kidonda? Sumu za bakteria na mwendo wa chembe nyeupe

MpimaDamu (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa maabara na kazi yangu kubwa ni damu. Kuna slaidi moja niliyoitazama nikiwa bado najifunza, na hadi leo sijaisahau. Ndiyo iliyonisukuma kuanzisha uzi huu.

Ilikuwa damu ya mtoto wa wiki chache tu. Mashine ilisoma chembe nyeupe 86,000 kwa mikrolita. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000. Mtoto mchanga huwa nazo nyingi zaidi, lakini si kwa kiasi kile. Nikaweka slaidi chini ya hadubini, na kila nilikoisogeza nilikuta limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Ndogo, zilizokomaa, baadhi kiini chake kimegawanyika kama kwato ya mbuzi. Nikaandika pembeni: saratani ya damu?

Mwalimu wangu akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Mtoto anakohoa?" Alikuwa anakohoa mfululizo hadi midomo inageuka bluu. Kilikuwa kifaduro. Mwalimu akasema, "Hizi usizione ni nyingi ukadhani zote zimezaliwa jana. Zimekosa pa kutokea."

Kauli ile ilinibadilisha namna ninavyosoma majibu ya damu. Tunapohesabu chembe nyeupe tunahesabu zilizo njiani. Zilizofika mahali pa kazi hatuzioni, maana kazi ya chembe hizi haiko kwenye damu. Iko kwenye nyama, mapafu, ngozi na tezi za limfu. Damu ni barabara tu. Na bakteria wengi hatari wana sumu zinazoshambulia jambo hilohilo: uwezo wa chembe kutoka barabarani na kwenda inakotakiwa.

Nitaandika kwa vipande. Anayetaka kuuliza aulize katikati, nitajibu.

---

MpimaDamu

Kwanza tuone chembe yenyewe inavyotembea, la sivyo sumu hazitaeleweka.

Nachukua neutrofili, kwa kuwa ndizo nyingi kwa mtu mzima, kuanzia nusu ya chembe nyeupe zote kwenda juu. Uboho hutengeneza kama bilioni 100 kila siku. Neutrofili inasafirishwa na damu kwa kasi kubwa. Karibu na penye maambukizi, ukuta wa ndani wa mshipa unakuwa umeotesha protini za kunatia. Chembe inagusa, inanata kidogo, inaachia, inanata tena, kwa hiyo inaviringika polepole ukutani. Ikiviringika hivyo inanusa ishara za kemikali. Ikizipata, vishikizo vyake vyenye nguvu zaidi, viitwavyo integrini, vinafunguka na kukamata ukuta barabara. Inasimama kabisa ingawa damu inapita kwa nguvu juu yake. Halafu inajibana, inapenya kati ya chembe mbili za ukuta na kutokea upande wa pili.

Huko nje inatambaa. Mbele inasukuma ulimi mpana uliojaa nyuzi za protini iitwayo aktini, na nyuma inajikunja na kuvuta mkia. Kwa dakika moja inasogea karibu urefu wa mwili wake, takriban mikromita 10. Ukiitazama ikiwa hai kwenye tone la damu lenye joto la mwili, kiini chake chenye mafundo kinavutwa nyuma kama mzigo mgongoni, huku ule ulimi wa mbele ukipapasa kushoto, kulia, kisha unachagua. Nimeitazama mara nyingi na bado sijachoka.

Katika miaka ya 1950, David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alirekodi filamu fupi ya neutrofili ikifukuza bakteria mmoja katikati ya chembe nyekundu. Bakteria anakata kona, nayo inakata kona, hadi inammeza. Asiyeamini kwamba chembe hizi zinawinda, filamu ile inamtosha.

---

Kijana wa Nesi

Mkuu nafuatilia kwa makini. Swali: haina macho wala pua, inajuaje bakteria yuko upande gani?

---

MpimaDamu

Swali zuri, ndugu yangu, na jibu lake ndilo lango ambalo sumu nyingi zinapitia.

Bakteria wanapotengeneza protini huanza na kipande chenye alama ya kemikali iitwayo fomili. Protini zinazotengenezwa na chembe zetu hazianzi hivyo, isipokuwa zile za mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya chembe, ambavyo asili yake ni bakteria. Bakteria wanadondosha vipande hivyo popote wanapokuwa. Neutrofili ina vipokezi vyake juu ya utando. Kipande kikigusa kipokezi, habari inapita ndani: "huku". Nasi wenyewe tunatoa ishara zetu. Tishu iliyoumia hutoa intaleukini-8, na mfumo wa komplimenti, yaani kundi la protini za kinga kwenye damu, hutoa kipande kiitwacho C5a. Neutrofili inalinganisha harufu upande wa mbele na wa nyuma wa mwili wake. Hata tofauti ya asilimia 1 hivi inaitosha kuchagua njia.

Lakini kipokezi hakifanyi kazi peke yake. Ndani ya utando kimeshikana na protini iitwayo Gi, na hii ndiyo inayopeleka habari. Kipokezi ni kengele, Gi ni mtu anayeamka kufungua mlango.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Bakteria wa kifaduro, aliyeelezwa na Bordet na Gengou mwaka 1906, ana sumu yenye sehemu moja inayofanya kazi na sehemu tano za kushikia. Zile tano zinanata kwenye chembe, ile moja inaingia ndani na kuibandika Gi kipande cha kemikali mahali pabaya kabisa. Tangu hapo kengele inalia lakini hakuna anayeamka. Ishara ziko, vipokezi viko, chembe iko hai na inapumua, lakini haielekei popote.

Limfosaiti ndizo zinazoonyesha hasara hii waziwazi. Kwa kawaida asilimia 2 tu hivi ya limfosaiti zote mwilini ndizo zilizo kwenye damu. Nyingine ziko kwenye tezi, wengu na kwingineko, zinaingia na kutoka bila kukoma. Ili ziingie kwenye tezi zinahitaji Gi iziamshie integrini. Gi ikizimwa, zinaviringika ukutani, hazisimami, zinachukuliwa tena na damu. Zinazotoka kwenye tezi zinaendelea kumwagika, za kurudi hazirudi. Kwa hiyo damu inajaa. Zamani, kabla sumu hii haijaeleweka, mojawapo ya majina yake ilikuwa "kiongeza limfosaiti".

---

Mama Wawili

Nimesoma huku nimeshika kifua. Mimi ni muuguzi wa watoto. Nimewahi kumhudumia mtoto wa kifaduro ambaye kila tulipopima chembe nyeupe zilikuwa zimepanda, na ndugu zake walikuwa wanafurahi, wanasema kinga inapanda. Lakini mtoto alikuwa anazidiwa. Sikuwa na maneno ya kuwaeleza.

---

MpimaDamu

Pole sana dada. Ndiyo sababu hasa ya uzi huu. Ile furaha ya ndugu inatoka moyoni na mantiki yao inaeleweka: askari wengi, ulinzi mkubwa. Kwa kifaduro ni kinyume chake. Kadiri namba inavyopanda kwa mtoto mchanga ndivyo hali inavyotisha. Chembe nyeupe zikifikia laki moja na kuendelea, zinaziba vijishipa vya mapafu, shinikizo la damu ndani ya mapafu linapanda, na upande wa kulia wa moyo unashindwa kusukuma. Ndiyo maana watoto waliozidiwa sana wakati mwingine hubadilishwa damu, kwa lengo la kuzipunguza chembe hizo.

Na jambo lingine linalowachanganya wazazi: antibayotiki inaua bakteria, na mtoto haambukizi wengine tena, lakini kikohozi kinaendelea kwa wiki nyingi. Mara tu kikohozi cha mfululizo kinapoanza, dawa haifupishi sana ugonjwa. Bakteria ameondoka, kazi ya sumu imebaki. Protini iliyobandikwa haibandukani. Chembe inabidi itengeneze mpya.

---

Kiranja

Mtoa mada, naheshimu unachoandika ila naona unakuza suala la mwendo. Sumu za bakteria zinaua chembe nyeupe, basi. Stafilokoki anazitoboa mashimo zinakufa. Chembe iliyokufa bila shaka haitembei.

---

MpimaDamu

Mkuu Kiranja, nusu ya maneno yako nakubaliana nayo kabisa. Stafilokoki wanatoboa kweli. Van de Velde aliiona sumu inayoua chembe nyeupe mwaka 1894, na mwaka 1932 Panton na Valentine wakaitenganisha ile inayobeba majina yao hadi leo. Inafanya kazi kwa vipande viwili vinavyokutana juu ya utando, vinajipanga duara na kuacha tundu. Chumvi na maji vinaingia na kutoka ovyo, chembe inavimba, inapasuka.

Ila tazama mahali inaponata. Inanata kwenye kipokezi cha C5a, kilekile kinachoiongoza neutrofili kwenda vitani. Sumu nyingine ya bakteria huyohuyo inanata kwenye vipokezi vya intaleukini-8. Yaani chembe iliyo tayari zaidi kusikia wito ndiyo iliyobeba kishikio cha sumu. Hapo huwezi kutenganisha mwendo na kifo.

Na kwa kuwa umetaja stafilokoki, ana protini nyingine ndogo, CHIPS, ambayo haiui chochote. Inafunika tu kipokezi cha fomili na kipokezi cha C5a, kama mtu anayekuziba masikio yote mawili kwa mpigo. Ana nyingine inayofunika sehemu ya kuviringikia ukutani, na nyingine inayoziba mahali integrini zinaposhika. Bakteria mmoja ana zana kwa kila hatua niliyoieleza pale juu. Kama mwendo ungekuwa jambo dogo, asingebeba mzigo wote huo.

Sumu ya kifaduro haiui chembe nyeupe. Sumu ya kimeta nayo, ile sehemu yake inayokata protini za kupokezana habari ndani ya chembe, imeonyeshwa kwamba inapooza neutrofili. Ziko hai, lakini haziwezi kupanga nyuzi za aktini vizuri, kwa hiyo hazitambai ipasavyo. Chembe hai isiyojua pa kwenda ni hasara kubwa kwa mgonjwa sawa na maiti yake.

---

Kiranja

Hapo kwenye kishikio umenipata. Lakini nikubane tena: kama stafilokoki anaziba njia zote hizo, mbona jipu lake ndilo lenye usaha mwingi kuliko yote? Usaha si neutrofili zilizofika?

---

MpimaDamu

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, asante.

Ni kweli, usaha ni neutrofili, nyingi zikiwa zimekufa, pamoja na bakteria na tishu iliyoyeyuka. Jipu ni ushahidi kwamba zilifika. Zana za bakteria hazizibi mlango kwa asilimia mia. Zinachelewesha. Bakteria anayezaliana upesi akipata saa chache za mwanzo bila usumbufu, wanaofika baadaye wanakuta kijiji kizima badala ya mtu mmoja. Halafu zinazofika zinatobolewa palepale. Ukitazama usaha kwenye slaidi utaona: viini vimevimba, mafundo yamefifia, mipaka ya chembe imepotea, na bakteria wamekaa kwa vishada vyao katikati ya mabaki. Zilifika zikachelewa, na zikafia hapo.

Sasa linganisha na streptokoki wanaokula nyama kwa kasi. Hawa wana kimeng'enya kinachokata C5a na kingine kinachokata intaleukini-8. Hawazibi masikio ya chembe, wananyamazisha anayeita. Kwenye maambukizi mabaya ya aina hii daktari wa upasuaji anafungua nyama anakuta imekufa, imekuwa ya kijivu, ina majimaji kama ya kuoshea vyombo, na usaha karibu hakuna. Chini ya hadubini bakteria wamejaa na neutrofili ni za kuokota. Mgonjwa huyohuyo ukimpima damu, chembe nyeupe ziko juu. Zipo, ila hazikuitwa.

Na kuna mtihani uliofanywa na maumbile yenyewe. Wapo watoto wachache wanaozaliwa bila sehemu muhimu ya integrini. Hakuna sumu, hakuna bakteria aliyehusika, wamekosa tu kishikizo. Kitovu kinachelewa kudondoka, vidonda vinapata maambukizi tena na tena, damu imejaa neutrofili, na vidonda havitoi usaha. Ukimwona mtoto wa namna hiyo unaelewa bakteria wanatafuta nini wanapotengeneza sumu zao.

---

Kijana wa Nesi

Dah. Kwa hiyo kidonda kikavu kisicho na usaha kinaweza kuwa kibaya kuliko chenye usaha?

---

MpimaDamu

Kinaweza, ndiyo. Mgonjwa analalamika maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, homa ipo, ngozi inabadilika rangi haraka: huyo asisubirishwe kwa sababu "hakuna usaha". Saa zinahesabika.

---

Mwanahamisi B.

Samahani kuingilia, mimi nasoma baiolojia mwaka wa pili. Tulifundishwa kwamba kuna sumu zinazoziita chembe nyeupe badala ya kuzizuia. Je, haipingani na uliyosema?

---

MpimaDamu

Karibu sana mdogo wangu. Haipingani. Sumu haina nia, ina kazi ya kemia tu, na matokeo yanategemea imegusa chembe ipi.

Mfano wa kutazama ni *Clostridioides difficile*, yule anayeshika utumbo mtu akishatumia antibayotiki zilizoua bakteria wengine. Sumu zake zinabandika sukari kwenye protini za familia ya Rho. Hizo ndizo wasimamizi wa aktini: moja inasukuma ulimi wa mbele, nyingine inakunja mkia. Chembe iliyobandikwa sukari inapoteza umbo, inakuwa duara, inaachia iliposhika. Ungetarajia neutrofili zisiwepo kabisa. Lakini chembe za ukuta wa utumbo zikipigwa na sumu hiyohiyo zinatoa intaleukini-8 kwa wingi, na neutrofili zinamiminika. Zile tabaka za manjano zinazoonekana utumboni kwa kamera zimejengwa na kamasi, nyuzi za damu iliyoganda, chembe zilizokufa na neutrofili kwa wingi. Na neutrofili zikijaa mahali pamoja huku zikimwaga vimeng'enya vyake, zinaunguza nyumba ziliyokuja kuiokoa.

Nyingine ni endotoksini, ile aliyoipa jina Richard Pfeiffer mwishoni mwa karne ya 19. Hii haitolewi kama sumu nyingine, ni sehemu ya ganda la nje la bakteria wa kundi liitwalo gramu hasi. Kiasi kidogo kwenye tishu kinaamsha ukuta wa mshipa uoteshe vile vinatio na wito unaenda vizuri. Ndiyo kinga ya kawaida. Ikimwagika kwenye damu yote, kila ukuta wa mshipa unaita kwa wakati mmoja. Neutrofili zinapata ishara kutoka pande zote, na ishara ya pande zote ni sawa na kutokuwa na ishara. Zaidi ya hapo zinakakamaa. Vijishipa vya mapafu ni vyembamba kuliko neutrofili yenyewe, kwa kawaida inajinyoosha ikapita, ila ikikakamaa inakwama.

Ndiyo maana mtu akiingiwa na endotoksini kwenye damu, saa ya kwanza neutrofili zinashuka ghafla, kisha zinapanda kupita kiwango huku uboho ukitoa hata zilizo changa. Dada yangu Mama Wawili, ukiona mgonjwa ana homa kali na presha inashuka, halafu majibu yanasema chembe nyeupe 2,000, usidhani mashine imekosea. Huenda nyingi zimekwama mapafuni.

---

Mama Wawili

Nimewahi kuona majibu ya namna hiyo yakirudishwa maabara kwamba yapimwe upya, na muda ukapotea. Leo nimeelewa.

---

Mwanahamisi B.

Je, hizi sumu zinapimwaje? Kwamba chembe imepoteza mwelekeo na si kwamba imechoka tu?

---

MpimaDamu

Kuna chombo kilichobuniwa na Stephen Boyden mwaka 1962, na wazo lake bado linatumika. Vyumba viwili, cha juu na cha chini, katikati kichujio chenye matundu madogo kuliko chembe. Juu unaweka neutrofili, chini unaweka kivutio. Chembe haiwezi kudondoka, lazima ijibane ipenye. Baada ya muda unahesabu zilizopita.

Sasa kutofautisha unachouliza: unaweka kivutio hichohicho vyumba vyote viwili, kwa kiasi sawa. Chembe yenye afya itahangaika huku na huko bila kuchagua upande, na chache zitapita kwa kubahatisha. Hapo unajua ina nguvu za kutembea hata kama haina pa kuelekea. Halafu unaweka kivutio chini peke yake. Zile zenye afya zinapita kwa wingi. Zilizopewa sumu ya kifaduro zinabaki na hesabu ya kubahatisha tu. Miguu ipo, dira haipo. Zilizopewa sumu inayovuruga aktini hazipiti hata kwa kubahatisha.

Tahadhari moja: angalia chembe imetoka kwa nani. Ile sumu ya Panton na Valentine inakamata chembe za binadamu na za sungura, lakini kwa panya wa maabara karibu haina kazi, kwa sababu kipokezi cha panya kina umbo tofauti. Mtu akipima kwa panya peke yake anaweza kusema sumu haina madhara.

---

Kiranja

Nimekubali mkuu. La mwisho kutoka kwangu: hizi dawa zinazouzwa za "kupandisha kinga", kwa mgonjwa wa aina hii zinasaidia?

---

MpimaDamu

Hapana. Mtoto mwenye chembe 86,000 zisizoingia popote hahitaji za 86,001. Kinachosaidia ni kuizuia sumu kabla haijanata, na hiyo ni kazi ya kingamwili. Chanjo ya kifaduro isiyo na bakteria mzima ina sumu yenyewe ndani yake, ikiwa imeondolewa makali, ili mwili uijue mapema. Mama akichanjwa akiwa mjamzito, kingamwili zake zinavuka kondo na kumkuta mtoto akiwa bado hajafikia umri wa kuchanjwa.

Mtoto wa ile slaidi alikuwa na wiki sita. Mama yake hakuwahi kuchanjwa wakati wa ujauzito, wala hakuna aliyemwambia kwamba ingewezekana.